Sungura wa 1966 na mita 60 za ziwa

Wadau, hivi hapa Mwanza bado kuna kitu mtu anaweza kufanya bila muhuri? Mimi nimenunua detekta mtumba, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, kwa jamaa aliyehangaika na dhahabu huko Geita mpaka akachoka (hapo ndio ningejiuliza mbona anauza, sikujiuliza), nikapiga hesabu zangu, watu wanaogelea ufukweni Luchelele wanadondosha pete, wanadondosha hela, mimi Jumapili napita nyuma yao naokota, nani ataumia?

Kumbe sijui ninapoishi. Dakika kumi hazijaisha katokea mzee na kofia, mwangaluka yangu (salamu ya Kisukuma) hajaitikia, "kijana, kibali." Kibali cha kutembea mzee wangu? "Kutembea tembea, hiyo mashine ndio nauliza."

Basi Jumatatu nikaanza safari. Mtaani wakanipa barua ya kupeleka kata, kata wakaniuliza unatafuta nini haswa, na hapo ndio nikajifunza kwamba hilo swali halina jibu salama. Ukisema dhahabu, madini yana sheria yake na leseni yake, hata mchimbaji mdogo anayo. Ukisema vitu vya zamani, kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 hicho ni urithi wa taifa, ukikiona unatoa taarifa, huweki mfukoni. Ukisema sitafuti kitu, unaangaliwa kama mwizi wa nyaya.

Lakini iliyonimaliza ni mita 60. Afisa mmoja, mpole kweli sio siri, akaniambia sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hakuna shughuli za kudumu wala za kuharibu. Nikamwambia bosi, shimo langu ni la kijiko cha pilau na nalifukia, wenye gesti waliomwaga zege mpaka miguu ya nyumba inaloa mbona wamelala? Akakohoa. Nikamuuliza tena, hizo mita zinaanzia wapi maana 2024 ziwa lilipanda likaingia mpaka sebuleni kwa watu, ina maana mita 60 nazo zilihamia chumbani kwao? Akasema niandike kwa maandishi. Na ukweli hoja yake naielewa, ukingo ukichokonolewa mvua ikija udongo wote unaingia majini, ila mimi na kijiko jamani.

Mwisho wakaniruhusu kwa mdomo, nipite kwenye mchanga mtupu, nisiguse majani wala mwalo wa wavuvi. Kwa mdomo! Wiki tatu nauli tu.

Sasa njoo uone utajiri. Detekta haijui pete, inajua chuma na bati na metali yoyote, kisoda inalia, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara inalia, ndoano inalia, tena kale kamkia ka kufungulia kopo la bia kanalia sauti ile ile ya pete ya dhahabu, unachimba moyo unadunda unakutana na Jumamosi ya mtu. Mimi nadhani nimechimba nusu ya bia zote zilizonywewa upande huu.

Kitu cha maana nimepata kimoja, sarafu ya senti 50 yenye picha ya sungura, ya 1966. Nimefika nyumbani nimeishika kama yai, mama watoto akaigeuza, akauliza bodaboda umelipa ngapi, nikasema elfu moja kwenda tu. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo bado sungura 1,999." Huyu mwanamke hesabu alisoma wapi sijui.

Kinachoniuma sio yeye. Kuna dogo mmoja ananifuata nyuma na kiroba, mimi nachimba natupa, yeye anaokota, misumari, makopo, spring za godoro, nanga iliyooza, jioni anapeleka kwa wanunuzi wa skrepa anapimiwa kilo analipwa keshi. Hana barua ya mtaa, hana ya kata, mita 60 hajawahi kuzisikia. Jana nimekaa kwenye jiwe napumzika, mgongo umekufa, akaja akanichekia vizuri kabisa, "shikamoo anko, kesho tunaingia saa ngapi?"