Wacheni Kufunua Mahindi

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani kabla ya baraka. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kutoka kabla ya baraka, mimi hukaa hadi matangazo ya harusi za watu nisiowafahamu. Lakini siku hiyo niliona nikibaki nitasema kitu, na nikikisema, hata mimi nitapewa kiti cha nyuma.

Kiti cha nyuma ndicho kilichonitoa. Kuna kijana wa boda hapa Kondele, Kisumu, simtaji kwa sababu yeye husoma hapa, na mamake pia. Aliokoka katika mkutano wa injili. Wiki ya tatu akapewa maiki atoe ushuhuda. Nilikuwepo. Alisimama mbele na reflekta yake mwilini, akasema amekunywa chang'aa miaka tisa na sasa hata harufu yake haimsumbui. Kanisa likalipuka. Pasta akamwambia arudie hapo pa harufu. Akarudia. Wiki ya nne yuko kwenye timu ya sifa. Wiki ya tano anaongoza maombi ya vijana. Wiki ya sita akanunuliwa suti, ya kijivu, mikono mirefu kidogo.

Wiki ya tisa akaonekana mahali fulani amekalia kreti, kichwa magotini. Mtu wa Mungu aliyemwona hakumwinua. Alimpiga picha. Ikafika kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa kabla pikipiki ya kijana haijapoa injini. Jumapili jina lake likasomwa: miezi mitatu kiti cha nyuma, haimbi, haombi hadharani, hagusi Meza ya Bwana. "Amerudi nyuma," mzee mmoja akaninong'onezea, kana kwamba tangazo lilikuwa la Kichina. Amerudi nyuma, kwa hiyo akae nyuma. Hesabu imetoka.

Sina ugomvi na nidhamu ya kanisa. Ugomvi wangu ni ile wiki ya tatu.

Nililelewa na kukhu wangu, yaani nyanya, upande wa Kimilili, na kukhu alikuwa na makosa mawili ambayo hakuyasamehe haraka: kuchezea maji ya kunywa, na kufunua mahindi shambani. Mahindi yakianza kutoa nywele, sisi watoto tulikuwa na haraka ya kujua kama punje zimeingia. Unaingia kati ya mistari, unashika hindi likiwa bado kwenye shina, unapasua maganda pale juu kwa kucha, unachungulia. Punje ni maji matupu. Unarudisha maganda vizuri, unayabana na vidole, unaenda zako ukiwa msafi kabisa. Mvua ya jioni inaingia hapo. Ndege wanaona mlango. Siku ya kuvuna, lile hindi lina ukungu mweusi kuanzia juu, na kukhu analishika mbele yenu nyote anauliza, nani alitaka kuona?

Hakuwahi kuliuliza hindi kwa nini limeoza.

Na yeye alikuwa mtu wa 614, ile mbegu ya mahindi inayochelewa kukomaa. Wanaojua mahindi wanajua: unapanda Machi au Aprili mvua ikishuka, na ikifika Agosti wale waliopanda 513, mbegu ya haraka zaidi, wanakula, wewe unaangalia tu majani. 614 inakuja Oktoba, Novemba, inategemea baridi ya kwenu. Sijawahi kuona mkulima akiing'oa Agosti kwa sababu ya jirani imekauka. Anajua alipanda nini. Lakini kanisani tuna mbegu moja tu, na inakomaa wiki tatu, siku ishirini na moja ukifunga.

(Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna watu hubadilika usiku mmoja. Mjomba wangu aliweka glasi chini jioni moja na hajaishika tena hadi leo. Mungu akitaka kufanya hivyo anafanya. Ninachokataa ni kumfanya mjomba kuwa rula ya kupimia kila mtu.)

Mtaniletea Paulo na njia ya Dameski. Hata mimi nampenda Paulo. Lakini someni Wagalatia sura ya kwanza na ya pili polepole. Anasema mwenyewe alienda Arabuni, akarudi Dameski, na miaka mitatu ikapita kabla hajapanda Yerusalemu kumwona Petro. Kisha anahesabu miaka kumi na minne kabla ya safari nyingine ya kwenda huko. Huyo ndiye aliyeangushwa na mwanga wa mbinguni! Na huyo huyo, alipokuwa anamwelekeza Timotheo mtu wa kuwa mwangalizi, akaonya asiwe aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka. Mstari huo uko kwenye Biblia ya pasta wetu pia, nimeiona, ina zipu.

Turudi kwa Petro, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Sote tunaijua ile ya kumkana Bwana mara tatu akiota moto uani. Tunaihubiri kila Pasaka, halafu tunaruka hadi Pentekoste, Petro anasimama, elfu tatu wanaongezeka, amina, sadaka. Kama vile woga wake uliisha siku hiyo. Haukuisha. Miaka mingi baadaye, Antiokia, Petro anakula meza moja na watu wa Mataifa, roho imetulia. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, Wayahudi wasiopenda meza hiyo. Anaanza kujiondoa, anajitenga, kwa sababu anawaogopa. Ni woga ule ule wa uani, umebadilisha nguo tu. Alikuwa ameshaponya watu kufikia hapo! Alikuwa ameshafungwa jela kwa ajili ya Jina! Na bado kuna kona ndani yake ambayo Roho alikuwa hajamaliza kuifagia.

Najua mtasema Paulo alimkemea mbele ya wote. Haya, hapo mmenishika. Alimkemea, tena uso kwa uso. Lakini alimwambia yeye, hakupiga picha.

Kukhu alikuwa wa Marafiki, yaani Quaker, lile kanisa ambalo hapa Kenya lilianzia Kaimosi mwaka wa 1902 na Wamarekani watatu. Kutoka hapo hadi waumini wa huku wapate Mkutano wao wa Mwaka wa Afrika Mashariki, yaani baraza la kanisa lao, ni 1946. Miaka arobaini na minne. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kama Kenya, na nina hakika siku hizi wale watatu wangewekwa kwenye kikao mwaka wa pili waulizwe matokeo yako wapi. Sikumbuki kukhu akitoa ushuhuda wa jambo lililokwisha. Akiulizwa hali ya roho yake alikuwa anasema Mungu bado ananishughulikia. Alisema hivyo akiwa na miaka themanini na mbili, meno hana, anachambua maharagwe.

Mimi niliokoka kidato cha tatu, 2009. Jumatatu ya wiki hii nimemfokea makanga wa matatu kwa sababu ya shilingi ishirini, nikiwa na Biblia kwapani, abiria wote wakisikia, hadi mama mmoja akanipa ishirini yake ninyamaze. Hasira hiyo niliiombea mwaka wa kwanza ikatoweka, nikaitolea ushuhuda. Hakuna anayeniweka nyuma, kwa sababu hasira haina harufu.

Na ndiyo, wako wanaojificha nyuma ya "bado nakua" huku wakiwanyima wafanyakazi wao mshahara mwaka wa ishirini. Hao nitawaandikia siku yao.

Ule mtini wa Luka 13 ulikaa miaka mitatu bila tunda, na mtunza shamba akaombea mwaka mwingine, apalilie, aweke samadi. Kijana wetu tulimpa wiki tisa na suti. Samadi inachafua mikono: ni kumpigia simu Ijumaa saa moja jioni, saa ile steji yote inaelekea kule, umuulize uko wapi, njoo tule. Nani alimpigia? Mimi sikumpigia. Nilikuwa nimepiga makofi, nikaona nimemaliza.

Jana nilimpigia. Alinibeba kutoka soko la Kibuye na gunia la viazi, akakataa pesa, tukabishana, akachukua mia. Kabla hajaondoka nikamsimulia hiyo ya Antiokia, hapo hapo kando ya barabara. Alisikiliza bila kuvua helmeti.

"Sasa Petro alisema nini?"

Nikamwambia Paulo hakuandika.

"Na alirudi kwa meza?"

Hilo pia hakuandika. Akatazama barabara kitambo, akaniambia kesho ni Ijumaa, nisisahau kuweka simu chaji.