Kupima damu ya vijana: Uganda ianzie wapi?

Mwaka 2011 jopo la wataalamu Marekani lilishauri kila mtoto apimwe kolesteroli, yaani mafuta ya damu, akiwa na miaka 9 hadi 11, kisha tena kati ya 17 na 21. Mwaka 2023 jopo jingine la huko huko likasema ushahidi uliopo hautoshi kushauri hivyo wala kukataza. Sisi Uganda, ambako soda na chapati ndiyo mlo wa vijana wengi wa mjini baada ya masomo, tufuate lipi?

Wanaotaka wote wapimwe wana hoja nzito. Usugu wa insulini, hali inayotangulia kisukari na kuvuruga mafuta ya damu, hauumi. Seli zikianza kutoitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho huzidisha kuitengeneza, na kwa miaka mingi sukari huonekana sawa. Wakati huo ini linamwaga trigliseridi, aina nyingine ya mafuta, kwenye damu, na kolesteroli nzuri inapungua. Ukingoja dalili, umechelewa.

Lakini balehe yenyewe hupunguza nguvu ya insulini kwa muda, hata kwa kijana mwembamba, kisha hali hurejea. Ukipima shule nzima utawatia hofu wengi wasioumwa. Na kuna jambo ninaloliona zito zaidi: watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi za chini hata wakiwa na usugu wa insulini. Majibu mazuri ya mafuta yanaweza kumrudisha nyumbani kijana aliye hatarini kweli, na mama yake akamshukuru Mungu.

Kwa hiyo siungi mkono kupima wote, ila kukaa kimya nako ni kuwatelekeza watoto. Muuguzi aanze na macho na futi ya fundi cherehani: kiuno kikizidi nusu ya urefu, ngozi ya shingo na kwapa ikiwa nyeusi na nene kama mahameli (huo si uchafu, mtoto asisuguliwe), au mzazi akiwa na kisukari, huyo ndiye atolewe damu.

Vijana waliozaliwa na VVU wasingojee hata hayo. Baadhi ya dawa walizokulia, kama lopinavir, hupandisha mafuta ya damu, na dolutegravir huweza kuongeza uzito. Hawa wanakuja kliniki tayari, wanatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Kwa mchomo huo huo wa sindano wapimwe mafuta na sukari, na gharama isiachiwe familia.