MiG-29 iliyonishika mkono

Wale mliokwisha kuisikia ile sauti jamaa yangu aliyoirusha kwenye magrupu, mezeni kicheko kidogo nami nizungumze. Nimeisikiliza mara tatu. Ina dakika 2 na sekunde 14, na humo ndani sekunde kama 40 ni yeye mwenyewe anacheka mpaka anakohoa. Humo anasema eti nilinaswa na gundi kwenye modeli ya ndege dakika 40, nikalia, nikaomba kisu. Sikulia. Machozi yalinitoka, ndiyo, lakini yale ni ya asetoni, na nitawaeleza. Sikukwama dakika 40, nilikwama dakika 11. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Kisu kilitajwa, ila si mimi niliyekitaja. Na kuna jambo moja ameliruka kwa makusudi kama mtu anayeruka dimbwi, nalo ndilo chanzo cha yote.

Ndege ni ileile niliyowachosha nayo miezi minne: modeli ya plastiki ya MiG-29, ndege ya kivita ya Kirusi, skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli. Ya kweli ina mita 17 na ushei, kwa hiyo mezani kwangu ikatoka na sentimita 36, ya kubebwa kwa mikono miwili kama kichanga. Rangi kijivu na mabaka ya kijani. Mistari ya mabati nimeipitishia wino mmoja mmoja. Dekali, yaani vibandiko vidogo vya maandishi ya tahadhari, zile ambazo ukipiga chafya umezipoteza, nimezibandika zote. Mlizisifu wenyewe. Msijifanye mmesahau.

Sasa nije kwenye lile jambo aliloliruka, nalo ni simu. Siku ile nafunga mwili wa ndege, yaani naunganisha nusu ya juu na ya chini, pembeni kulikuwa na kifuniko cha chupa chenye chubwi saba. Chubwi za kuvulia samaki, ndogo, nzito, kazi yake ni kukaa puani. Ndege ya kweli puani ina rada na mitambo. Ya plastiki puani ina hewa tupu, halafu nyuma huko imebeba mabomba mawili ya injini na mapezi mawili ya mkia. Usipoiwekea uzito mbele, hiyo si ndege tena, ni mbwa aliyekaa. Nimeshawahubiria hapahapa, tena kwa herufi kubwa, na kuna mmoja wenu nilimjibu vibaya kwa kuuliza kama ni lazima. Ndugu yangu, unajijua. Samahani.

Basi nusu zote mbili ziko mkononi, gundi ya plastiki nimeshapaka, simu ikaita. Nani? Jamaa. Anauliza kama anaweza kubandika dekali juu ya rangi isiyong'aa. Nikamwambia asithubutu, hewa itanasa chini ya dekali na itametameta kama magamba ya samaki. Apige vanishi ya kung'aa kwanza. Akabisha. Nikaeleza upya. Akabisha tena. Nilipokata simu nusu saa baadaye, mwili ulikuwa umeshikana vizuri ajabu, maana gundi ile haibandiki tu, inayeyusha plastiki ikawa kitu kimoja. Nikafurahia ule mshono. Niliupiga hata picha. Chubwi zikabaki kwenye kifuniko chake, nyuma ya chupa za rangi, kimya.

Hilo hakulisema kwenye sauti yake. Haya, tuendelee.

Jumapili akanitumia ujumbe kwamba saa kumi jioni anapita na baba yake. Huyu mzee amestaafu ufundi wa ndege za kivita. Si modeli: ndege, zile zenye mafuta. Nilipousoma ujumbe ule nikafagia chumba mara mbili, kitu ambacho mke wangu amekitaja leo asubuhi kwa sauti ya kuumia kidogo.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja: kanopi, kioo cha juu ya rubani. Kila mtoto wa modeli anajua kioo kinabandikwa kwa gundi nyeupe ya karatasi. Inakauka polepole na haiachi alama. Lakini kanopi yangu ilikuwa haikai. Kwa nyuma imeinuka unywele mmoja. Nabonyeza, inakaa, naachia, inainuka. Saa tisa na dakika 35. Gundi nyeupe inataka masaa. Mimi nina dakika 25 na mzee ambaye maisha yake yote amekuwa akitazama ndege kwa karibu.

Nikaitazama supaglu. Supaglu ikanitazama.

Tone moja tu, nikasema. Mnaijua hiyo sentensi, wote mmeshaisema. Mdomo wa tyubu ulikuwa umeziba. Nikaminya. Hakuna kitu. Nikaminya zaidi, huku kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vimekandamiza kioo na mgongo wa ndege pamoja. Bado. Nikaminya kwa ghadhabu.

Ikazibuka.

Gundi ile ni nyepesi kama maji, haitiririki, inakimbia. Ilipita kwenye mshono wa kanopi, ikashika mstari mmoja wa mgongoni (ule niliouchonga upya kwa sindano jioni nzima), ikaingia chini ya vidole vyangu. Niliisikia. Kwanza baridi, halafu joto. Na badala ya kutoa mkono haraka kama mtu mwenye akili, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Ngoja nibane kidogo ishike." Nikabana. Nikahesabu mpaka kumi na tano.

Ikashika. Kioo kilishika, mgongo ulishika, nami nikashikwa. Nilivuta kidogo na MiG nzima ikainuka mezani, magurudumu yakaning'inia, kama mwewe aliyemkosa kifaranga akamnasa mwenye kuku.

Kwa wageni: maji ya vuguvugu na sabuni, unachovya taratibu, baada ya muda vidole vinaachia. Nilikuwa najua. Nilikuwa nakwenda bafuni kwa utulivu kabisa na ndege yangu. Ila kabla sijatoka nikatazama kioo.

Kilikuwa kinaota ukungu. Polepole, kutoka pembeni kuja katikati, weupe kama pumzi kwenye dirisha, ila pumzi hufutika. Mvuke wa supaglu unagandia kwenye kioo, na unapenda zaidi mahali palipoguswa. Polisi wa upelelezi wanautumia hivyohivyo kwa makusudi: wanafungia kitu kwenye sanduku na gundi ya aina hii iliyopashwa moto, na alama za vidole zinajitokeza nyeupe. Nami pale kwa macho yangu nikaona, ndani ya kanopi, juu kidogo ya kichwa cha rubani niliyempaka nyusi kwa unywele wa brashi, kinajitokeza kidole gumba. Changu. Mistari yote, mpaka kile kikovu cha kisu cha kuchongea. Kama ingekuwa kesi, nimeshafungwa.

Mlango ukagongwa. Saa kumi kasoro dakika 10. Mafundi wa ndege huwahi.

Mke wangu akafungua, nikasikia salamu, nikasikia "yuko chumbani kwake, karibuni," na mlango wa chumba ukafunguka kabla sijaamua niufiche mkono wapi. Utaificha wapi ndege ya kivita? Niliipeleka mgongoni. Mabawa yakajitokeza huku na huku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaja moja kwa moja na mkono wa kulia umenyooshwa.

Hapa naomba mniache niende taratibu, maana hapa ndipo ninapoamkia usiku.

Wa kushoto siwezi kumpa mzee. Wa kulia umeshughulika. Mkono wake umefika, uko hewani, unasubiri, na uso wake una tabasamu ambalo limeanza kuuliza. Jamaa nyuma yake amenyanyua shingo kama twiga. Nikautoa mkono. Ukatoka na MiG-29 juu yake, imeelekeza pua kwa mzee kama inataka kumshambulia. Hakuna aliyesema neno. Mzee akaitazama ndege. Akanitazama mimi. Akaitazama tena ndege. Halafu, kwa adabu ambayo sitaisahau mpaka naingia kaburini, akaishika ncha ya pua kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo, juu, chini, juu, kama anavyopewa mkono mtoto.

"Hujambo," akaiambia.

Puani mwa MiG-29 kuna kamrija kembamba ka kupimia kasi ya hewa. Kwenye skeli ya 1/48 ni kama sindano. Mzee alipoondoa vidole vyake, kamrija kaliondoka navyo. Kalitoa sauti ndogo: *tik*. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia.

Hakuona. Alikuwa ameshainama, mikono nyuma, anakagua. "Milango ya hewa umeifunga," akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ya kazini. Akamgeukia mwanawe: "Hii ikiwashwa ikiwa chini inafunga midomo yake, isivute kokoto. Inapumulia huku juu, kwenye matundu haya. Unaona? Hata matundu kayaweka." Wadau, kwa sekunde kama nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani, na ndege imenikwama mkononi.

Halafu akafika kwenye kioo.

"Rubani yumo?"

"Yumo, mzee."

"Mbona simwoni?"

"Kuna ukungu kidogo."

Akasogeza miwani. Akakaa kimya muda. "Na hiki ni kidole?"

Hapo jamaa ndipo alipopasuka. Na alipomaliza kupasuka akaamua kunisaidia, ambalo ndilo kosa lake la pili baada ya simu. Akauliza kama alete kisu. (Yeye! Si mimi!) Nikasema sabuni na maji. Hakunisikia, ameshatoka, na amerudi na kichupa cha mke wangu cha kutolea rangi ya kucha, anakipungia juu kama kikombe cha ubingwa. "Asetoni! Inayeyusha supaglu!"

Kweli inayeyusha supaglu. Inayeyusha pia rangi, na inayeyusha plastiki ya modeli, yaani kila kitu mle chumbani ambacho nilikipenda. Nikafungua mdomo kusema "usimwage". Nikafika "usi". Mengine yakafunikwa na harufu.

Kwanza mabaka ya kijani yalisogea. Yaliacha mahali pake yakaanza kutembea kuelekea kwenye kijivu, yakasalimiana, yakawa rangi ya matope. Halafu nikasikia mgongo wa ndege unalainika chini ya vidole, kama nta karibu na moto. Nikavuta. Vidole vikatoka na nyuzinyuzi za plastiki, ndefu, nzuri hata, kama jibini iliyoyeyuka. Mahali vilipokuwa pamebaki mabonde mawili, na chini yake, safi kabisa, alama za vidole vyangu. Ukijumlisha na ya kwenye kioo, ni tatu.

Macho yananiwasha, yananitoka machozi, ndiyo hayo aliyoyasema. Nikaona angalau niiweke chini kwa heshima yake. Nikaisimamisha mezani juu ya magurudumu yake. Ikasimama. Sote watatu tukaitazama. Ikasimama kama ndege ya kweli kabisa, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha magurudumu ya mbele yakainuka bila haraka, pua ikaenda juu, juu, na mabomba ya injini yakatua mezani taratibu. Ikaketi. Inatazama dari, haina mrija, haina mgongo, rubani yuko ndani ya maziwa.

Mzee akapapasa nyuma ya chupa za rangi, akatoa kifuniko cha chupa, akakitikisa. Chubwi saba zikalia.

"Hizi ni za nini?" akauliza, na nina hakika alikuwa anajua.

Yaliyofuata hayana maana: chai, pole, jamaa kuomba msamaha huku anarekodi. Kanopi imevunjika nilipoing'oa. Mgongo nimeujaza puti, msasa unaendelea, na pua nitaitoboa kwa chini niingize chubwi moja moja kama mtu anayelisha mgonjwa. Wale mnaoniuliza kama naiuza: Ujerumani ilipoachana na MiG-29 zake iliipa Poland 22 kwa euro moja moja, na zile zilikuwa zinaruka. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye ninayepaswa kuwalipa ninyi.

Kamrija nilikitafuta kwenye zulia mpaka saa nne usiku kwa tochi, kwa magoti, mke wangu ananiruka akipita. Nikakata tamaa, nikaanza kufikiria kutengeneza kingine kwa sindano ya hospitali. Leo asubuhi ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, na picha: kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, juu yake kitu chembamba, cha kijivu.

"Mwanangu, kipima kasi chako nimekikuta mfukoni mwa shati. Usiruke mpaka nikilete."