Kuandika kupitia proksi yenye kache: mteja apewe jibu lipi, na lini?

Mhariri wa video anabonyeza kuhifadhi. Faili ni la GB 20. Folda anayoandikia inaonekana ya kawaida, lakini nyuma yake kuna rclone, programu iliyoiunganisha kompyuta na S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, iliyo ng'ambo. Hapa rclone ndiyo proksi: inapokea faili kwa niaba ya hifadhi kuu na kuliweka kwanza kwenye kache, yaani akiba ya muda diskini. SSD (diski ya kasi) inayoandika MB 400 kwa sekunde inalimaliza faili hilo kwa sekunde 50, na programu inasema tayari. Laini ya ofisi ikiwa inapandisha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8), safari yenyewe itachukua sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13, tena kama hakuna mwingine anayeitumia. Muda wote huo nakala pekee imo kwenye diski ya mashine ile moja.

Ubishi kuhusu proksi za namna hii umo ndani ya saa hizo mbili. Wapo wanaotaka proksi ipokee faili, imjibu mteja (programu inayoandika) papo hapo, kisha ipeleke baadaye. Wengine wanataka ikae kimya mpaka hifadhi kuu ikiri kwamba data imefika.

Hoja ya wa kwanza haiishii kwenye kasi. Kwenye S3 hufungui faili ukabadilisha baiti za katikati. Ukigusa KB 4 ndani ya faili la GB 2, rclone italipandisha lote upya, kwa hiyo ni heri mabadiliko mengi madogo yakusanyike diskini kwanza yapelekwe kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna programu zinazorekodi MP4 kisha kurudi mwanzoni mwa faili kujaza ukubwa wa data. Ukiwasha rclone na `--vfs-cache-mode off`, yaani bila kache, kurudi nyuma huko hakuwezekani, na pakio (upandishaji wa faili) likikatika halirudiwi, maana hakuna nakala ya kurudia. Ukiweka `writes`, yaani kache ya kuandika, faili hukaa diskini, husubiri sekunde 5 baada ya kufungwa, ndipo linapanda. Likishindwa hujaribiwa tena na tena, kwa vipindi vinavyorefuka hadi dakika moja. Mashine ikizimika ghafla, rclone ikiwashwa tena kwa mipangilio ileile huendelea na yaliyobaki.

Kwetu Afrika Mashariki hilo lina uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, ofisi inayongoja jibu kutoka ng'ambo kwa kila faili imesimama. Yenye kache inaendelea na kazi.

Inaendelea, lakini kwa kukopa, na ahadi ni deni. Ofisi inayozalisha GB 40 kwa siku huku diski ina nafasi ya GB 250 itafika ukutani baada ya siku sita. Wengi hudhani `--vfs-cache-max-size`, kikomo cha ukubwa wa kache, itawaokoa. Haiokoi: faili ambalo halijapanda haliwezi kufutwa kwenye kache, hivyo kikomo hicho kitapitwa mpaka diski ijae na programu zianze kupata makosa ya kuandika.

Hatari kubwa zaidi inakuja pale ofisi mbili zinapogusa faili moja. Ofisi A inahifadhi saa 4:00 asubuhi, na pakio limo foleni. Ofisi B inalifungua saa 4:10, inaona toleo la jana, inalihariri na kulipandisha saa 4:30. Saa 6:00 pakio la A linafika na kufunika kazi ya B, bila onyo lolote. Tangu Desemba 2020 S3 hukuonyesha toleo jipya mara tu linapoandikwa, lakini haiwezi kuonyesha kile ambacho bado kiko njiani. Hifadhidata nayo huita fsync, ombi la kuhakikisha data imeandikwa kweli diskini, ikiamini kwamba jibu likirudi data iko salama. Kwa proksi inayoandika baadaye, fsync hiyo haisubiri hifadhi kuu. Hifadhidata iandikwe kwenye diski ya kweli, na kinachopelekwa ng'ambo kiwe nakala yake ya akiba.

Wanaotaka kusubiri wana gharama yao pia. Tuseme kila faili dogo linachukua sekunde 0.2 kwenda na jibu kurudi: mafaili 10,000 yakipita moja moja ni dakika 33, na yakipita manne kwa pamoja ni takriban dakika 8. Kwa kazi za usiku hilo linavumilika.

Pande zote mbili zinabishana kana kwamba jibu lazima liwe moja. NFS, itifaki ya kushiriki mafaili kwenye mtandao, ilishatoa njia katika toleo lake la 3 mwaka 1995, kwenye waraka wa kiufundi uitwao RFC 1813. Mteja anaandika kwa hali ya UNSTABLE (bado haijathibitishwa) na seva inamjibu upesi kwamba imepokea. Baadaye anatuma COMMIT (ombi la kuthibitisha), na hapo ndipo seva inamhakikishia kwamba data imekaa salama. Katikati mteja haitupi nakala yake. Kila jibu hubeba alama ya baiti 8, na seva ikizimika na kuwaka, alama hubadilika. Mteja akiona hivyo anatuma upya yote ambayo hayakuthibitishwa. Proksi nyingi mbele ya hifadhi za wingu humpa mteja jibu la kwanza tu, naye analichukulia kuwa la pili. Kwangu, kuandika baadaye kunafaa pale faili lina mwandishi mmoja na chanzo chake bado kipo, kama kadi ya kamera. Mafaili yanayoshirikiwa yangoje.

Jibu la pili inabidi ulitafute mwenyewe. Washa rclone na `--rc`, inayokuruhusu kuiuliza hali yake ikiwa kazini, kisha uendeshe `rclone rc vfs/stats`. Usifute kadi mpaka `uploadsInProgress` (yanayopanda), `uploadsQueued` (yaliyo foleni) na `erroredFiles` (yaliyoshindwa) zote zisome 0. Halafu linganisha ukubwa wa mafaili kwa `rclone lsl`, ukiielekeza kwenye hifadhi yenyewe. Ukiorodhesha kupitia folda iliyounganishwa, utaonyeshwa pia mafaili yaliyo kwenye kache, na lisilofika linaonekana sawasawa na lililofika.