Niliinua Kiganja, Bodaboda Ikasimama

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa KICC, lile jumba refu la mikutano jijini Nairobi, mgongo wangu ukielekea jengo, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya ukuta mfupi hatua tano mbele. Nikainua kiganja ili kamera ikione, ianze kuhesabu sekunde na kunipiga picha yenyewe. Kamera ikakaa kimya. Aliyekiona ni kijana wa bodaboda kule barabarani. Akakanyaga breki, akaita: "Dada, twende wapi?"

Ndiyo shida ya kutumia ishara za mkono Nairobi: karibu kila ishara ina mwenyewe. Kiganja ni cha matatu na bodaboda. Kuna kamera zinazotaka vidole viwili badala ya kiganja, na hapo mjomba wangu hucheka sana, kwa sababu mwaka 1992 vidole viwili vilikuwa salamu ya FORD, wapinzani, na kidole kimoja kilikuwa cha KANU, chama tawala. Anasema wakati ule picha ya namna hiyo ungeificha chini ya godoro.

Hata hivyo naipenda teknolojia hii, na sababu yangu ni pua. Selfi ya kunyoosha mkono inakuharibu sura. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Pua yangu haihitaji nyongeza. Halafu KICC ina urefu wa mita 105. Ukishika simu mkononi unapata kidevu chako na vipande vya ghorofa. Lazima simu ikae mbali, na ikiwa mbali, nani atabonyeza?

Mtaniambia kuna taima. Taima nimeitumia miaka mingi: unabonyeza, unakimbia, unafika unahema, macho yamefumba, kisha unarudi kubonyeza tena. Kiganja kinakuacha usimame mahali pamoja, uinue mkono ukiwa tayari, uushushe kamera ikihesabu, utabasamu. Picha kumi bila kusogea.

Si jambo geni pia. LG waliiweka kwenye simu ya G3 mwaka 2014: unaonyesha kiganja, unakunja ngumi, kamera inahesabu sekunde tatu. LG wenyewe waliacha kutengeneza simu mwaka 2021, lakini kiganja kimebaki kwenye simu za wengine. Mfumo wa Google wa kutambua mikono, ambao watengenezaji wa programu wengi huutumia, hutafuta kiganja kwanza, kisha ndipo huweka alama 21 kwenye viungo vya mkono. Kiganja ni rahisi kukitambua kwa sababu hakibadiliki umbo sana; vidole ndivyo vinavyojikunja kila upande. Kwa hiyo mkiona kamera imegoma, msipunge mkono kama mnaaga ndege. Utulizeni, kiganja kitazame kamera, mwanga uwe mbele yenu. Mimi siku ile jua lilikuwa nyuma yangu, mkono wote umekuwa kivuli.

Lakini hakuna maelekezo ya simu yaliyoandikwa na mtu anayetembea katikati ya jiji hili. Hatua tano kati yako na simu yako ni umbali mkubwa mno. Wapiga picha wa pale uwanjani walinitazama nikihangaika, hadi mmoja akashindwa kuvumilia. "Sista," akasema, "hiyo simu ukiiacha hapo utainunua tena Luthuli." Yaani mtaa wa maduka ya simu. Nikaenda kuichukua mbiombio.

Tangu hapo nimeamua: kiganja ni cha nyumbani, cha sebuleni kwa shangazi siku ya harusi, au msitu wa Karura asubuhi watu wakiwa wachache. Mjini nitalipa. Yule mpiga picha aliyenionya ana kamera nzuri, anajua usimame wapi ili jengo liingie lote, na anajua saa ngapi jua linakaa upande gani, jambo ambalo simu yangu haikuniambia.

Alinipiga picha tano. Nilipoziangalia kwenye matatu ya kurudi nyumbani, KICC imeingia yote, pua iko sawa, ila katika zote tano mkono wangu wa kulia uko nusu hewani.