Shahada ya haki jinai katika chuo cha jamii Marekani: thamani yake haiishii kwenye sare

Mwezi Februari 2025, Idara ya Polisi ya New York, ambayo ni kubwa kuliko idara zote za polisi za miji ya Marekani, ilitangaza kwamba mwombaji wa kazi ya uaskari hatadaiwa tena krediti 60 za chuo, yaani vipimo vya masomo aliyokamilisha, bali 24 tu. Krediti 60 ndizo zinazokamilisha shahada ya miaka miwili, ambayo hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili. Philadelphia ilikuwa imekwisha kuondoa sharti kama hilo mwaka 2016. Hoja iliyosikika katika miji hiyo miwili ni ile ile: nafasi za kazi zimebaki wazi, na sharti la chuo linawafungia mlango vijana ambao wangefaa. Kwa mwanafunzi aliye katikati ya masomo ya haki jinai, uamuzi wa namna hii unaibua swali zito, kwa sababu mwajiri anayemlenga ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo anaweza kuishi bila nayo.

Swali hilo linazihusu pia familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wawe wametoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania. Kwa kijana wa familia ya wahamiaji, chuo cha jamii mara nyingi ndicho chuo kilicho karibu na nyumbani, chenye ada nafuu na kinachompokea bila kumdai alama za juu za mtihani. Masomo ya haki jinai huwavutia wengi kwa sababu yanaonekana kuelekea moja kwa moja kwenye ajira ya serikali yenye mshahara wa uhakika, bima na pensheni. Naamini masomo haya yana thamani ya kweli. Lakini naamini pia kwamba wanaoyasifu na wanaoyabeza wamekuwa wakiyapima kwa kipimo kimoja finyu, yaani kama yanazalisha polisi bora au la, huku wakimsahau mwanafunzi ambaye hatavaa sare kamwe.

Kwanza inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata na wanafunzi wenyewe. Shahada ya miaka miwili ya haki jinai ni elimu ya darasani: sheria ya jinai, mwenendo wa mashauri, uchunguzi wa makosa, magereza na urekebishaji, watoto waliokinzana na sheria, maadili ya kazi na uandishi wa ripoti, pamoja na lugha, hisabati, saikolojia na sosholojia. Akademia ya polisi ni mafunzo ya kazi: silaha, kuendesha gari kwa kasi, kumkamata mtu, huduma ya kwanza, mazoezi ya mwili. Kwa takwimu za serikali ya shirikisho za mwaka 2013, akademia za majimbo na za mitaa zilikuwa 664, na mafunzo ya msingi yalichukua kwa wastani saa 843, yaani takriban wiki 21. Karibu theluthi moja ya akademia hizo ziliendeshwa na vyuo vya miaka miwili, hivyo mara nyingi shahada na akademia huwa ndani ya uzio mmoja, na kijana huweza kumaliza ya kwanza akidhani amemaliza na ya pili. Katika majimbo mengi sivyo ilivyo.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotetea darasa. Chukua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1985 katika shauri la Tennessee dhidi ya Garner, iliyosema kwamba askari haruhusiwi kumuua kwa risasi mshukiwa anayekimbia isipokuwa ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ni tishio kubwa kwa uhai au usalama wa wengine. Miaka minne baadaye, katika shauri la Graham dhidi ya Connor, mahakama hiyo ilielekeza kwamba nguvu iliyotumika ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa katika tukio, si kwa hekima inayokuja baada ya tukio. Akademia yenye wiki 21 hufundisha hukumu hizo kama kanuni za kukariri, kwa sababu muda ni mfupi na mtihani uko mlangoni. Darasani wanafunzi wanaweza kuzisoma kwa wiki kadhaa, wakabishana kama kipimo cha mwaka 1989 kinamlinda raia au kinamlinda askari zaidi, na wakagundua kwamba watu wenye akili timamu wanatofautiana juu ya jambo hilo. Mtu aliyewahi kubishana hivyo akiwa na umri wa miaka 19, bila bunduki kiunoni, amepata kitu ambacho saa za akademia haziwezi kumpa kwa urahisi.

Wapinzani wa masomo haya nao wana historia upande wao. Mwaka 1967, tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson kuchunguza uhalifu na utoaji haki ilipendekeza kwamba hatimaye polisi wote wawe na shahada ya kwanza ya miaka minne. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofungulia fedha za shirikisho kwa ajili ya elimu ya polisi, zikiwamo ruzuku, na mikopo iliyofutwa taratibu kwa aliyebaki kazini. Vyuo vya jamii viliitikia kwa kasi, na programu zikaongezeka nchi nzima. Ilipofika mwaka 1978, tume iliyoongozwa kitaaluma na Lawrence Sherman ilitoa ripoti kali: programu nyingi zilikuwa mafunzo ya kazi yaliyovishwa joho la chuo, na walimu wengi walikuwa polisi wa zamani waliokuja na visa vya kazini kuliko taaluma. Ripoti hiyo ilifika mahali pa kupendekeza kwamba shahada za miaka miwili zinazoishia hapo hapo, zisizompeleka mwanafunzi kwenye chuo kikuu, ziondolewe.

Ukosoaji huo haujazeeka. Mwalimu aliyekuwa mpelelezi kwa miaka mingi ana mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote, na sioni kwa nini asiwe darasani. Tatizo huanza pale ambapo walimu wote ni wa aina yake, kwa kuwa mwanafunzi husikia mfumo wa haki ukielezwa na upande mmoja tu: hamsikii wakili wa utetezi, hamsikii ofisa wa magereza aliyechoka kuona sura zile zile zikirudi, wala hamsikii mama ambaye mwanawe alikamatwa kimakosa. Chuo kilicho na walimu wa namna hiyo kimempa mwanafunzi akademia ndefu zaidi, tena kwa gharama yake.

Jimbo la Minnesota ndiko mjadala huu unakoweza kutazamwa kwa vitendo. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 jimbo hilo hutoa leseni za polisi kupitia bodi maalumu, na mwombaji hudaiwa shahada ya angalau miaka miwili pamoja na programu iliyoidhinishwa na bodi, kisha mtihani. Majimbo mengi hutosheka na cheti cha sekondari. Kama elimu ya chuo peke yake ingetosha kubadilisha tabia ya polisi, Minnesota ndiko mahali ambapo matokeo yangeonekana. Lakini ni Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo hilo, ambako George Floyd aliuawa tarehe 25 Mei 2020 baada ya askari Derek Chauvin kumkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa. Taarifa ya kwanza ya polisi kwa umma ilisema kwamba mtu mmoja amefariki baada ya tukio la kiafya, na goti halikutajwa. Ukweli ulijulikana kwa sababu msichana wa miaka 17 aliyekuwa akipita alirekodi video kwa simu yake. Mwaka 2022 idara ya haki za binadamu ya jimbo, na mwaka 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani, zilihitimisha kwamba polisi wa Minneapolis walikuwa na mazoea ya kuwatendea watu weusi kwa ubaguzi, na wizara ikaongeza kwamba nguvu ilitumika kupita kiasi.

Mtu anaweza kusoma habari hizo na kusema basi, shahada haina maana. Nadhani hitimisho hilo linakwenda mbali mno, na kinachonifanya niseme hivyo ni jambo lililotokea katika dakika zile zile. Wawili kati ya askari wanne waliokuwapo walikuwa wapya kabisa kazini. Mmoja wao aliuliza kama wamgeuze Floyd alale ubavu, na Chauvin, aliyekuwa na miaka 19 ya kazi na aliyekuwa pia mkufunzi wa askari wapya, akakataa. Askari yule mpya alijua la kufanya, lakini hakuwa na uwezo, au hakuwa na ujasiri, wa kulisimamia mbele ya mkubwa wake, na wote wanne baadaye walitiwa hatiani. Elimu ilikuwapo pale, ikashindwa na ukubwa wa cheo pamoja na desturi ya idara. Hilo linadai marekebisho ndani ya idara, kuanzia kwa nani anayechaguliwa kuwafunda wapya. Halithibitishi kwamba askari yule angefanya vizuri zaidi kama asingesoma.

Utafiti nao unaelekea katikati. Mwaka 2010 Jason Rydberg na William Terrill walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba askari waliopitia chuo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia nguvu, ingawa chuo hakikuonekana kubadilisha maamuzi yao ya kukamata au kupekua watu. Ni faida halisi, yenye mipaka yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nani anayelipa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu wa Minnesota unaweza kushangaza, maana kwetu kijana anayeajiriwa na jeshi la polisi hupelekwa chuo cha polisi, Kiganjo nchini Kenya au Moshi nchini Tanzania, kwa gharama ya serikali. Minnesota humtaka ajisomeshe kwanza, apite mtihani, ndipo atafute idara ya kumwajiri, na sifa hiyo ya kuajiriwa hudumu miaka mitatu tu. Tangu mwaka wa masomo wa 2024 mpango wa jimbo huwalipia ada katika vyuo vya umma wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, na hilo limepunguza ukali wa hoja hii kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, miaka miwili ya mshahara ambao kijana hakuupata hairudishwi na mpango wowote wa ada. Jimbo jirani la Wisconsin limeamua vingine: askari huajiriwa kwanza, kisha hupewa miaka mitano kukamilisha krediti 60. Kwa maoni yangu utaratibu huo ni wa haki zaidi, kwani unahifadhi elimu bila kumfungia mlango mtoto wa familia isiyo na akiba, na idara zinazopunguza masharti zilipaswa kuutazama kabla ya kufuta krediti moja kwa moja.

Anabaki yule ambaye hataajiriwa. Wako wengi, kwa sababu mchujo wa polisi ni mkali: historia ya makosa ya barabarani, madeni, dawa za kulevya, maandishi ya mtandaoni, afya, macho, mbio. Kwa mhamiaji kuna pia suala la uraia. California iliondoa sharti la uraia kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Illinois ikafuata mwaka 2024, lakini sehemu nyingi bado zinalishikilia, na mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaweza kumaliza masomo akiwa na miaka kadhaa mbele yake kabla ya kuruhusiwa kuapa kuwa askari. Mtu huyu shahada yake imemfaa nini? Ikiwa alifundishwa kuandika ripoti iliyo wazi, kusoma sheria na kuzielewa takwimu, anaweza kupokea simu za dharura za 911, kufanya kazi mahakamani, kuwasaidia waathirika wa uhalifu, au kuendelea hadi shahada ya kwanza na baadaye sheria. Ikiwa alifundishwa pingu na magwaride tu, hana kitu.

Hapo ndipo jambo dogo la kiofisi linapogeuka kuwa kubwa kuliko yote. Vyuo vya jamii hutoa aina zaidi ya moja ya shahada ya haki jinai. Moja imeundwa ili krediti zake zipokelewe na chuo kikuu. Nyingine imeundwa kwa ajili ya ajira ya moja kwa moja, na sehemu ya krediti zake huweza kukataliwa mwanafunzi anapohama. Majina yake yanafanana kiasi kwamba kijana wa miaka 18, ambaye wazazi wake hawakusoma Marekani, hana namna ya kutambua tofauti asipoelezwa. FBI, yaani idara ya upelelezi ya serikali ya shirikisho, kwa kawaida humdai mpelelezi wake shahada ya miaka minne, na kazi nyingi za uangalizi wa wahalifu walio nje ya gereza hudai hivyo hivyo, kwa hiyo aliyechagua shahada ambayo krediti zake hazipokelewi na chuo kikuu hulazimika kurudia masomo aliyokwisha kuyalipia. Mwanafunzi aulize, kabla ya kujiandikisha, ni chuo kikuu gani kilicho jirani kitakachopokea krediti zote 60, na apewe jibu hilo kwa maandishi. Chuo kisichoweza kumpa jibu hilo hakijastahili ada yake.