Pikipiki Yangu Imetibiwa, Majirani Wamenuna

Pikipiki yangu ina miaka 19. Ingekuwa mtu ingeshachukua kitambulisho na kuhama nyumbani. Wapi! Kila alfajiri naipiga kiki hadi natokwa jasho, na Julai hii Kayole baridi ni ya kukata masikio. Ya ishirini hivi inakohoa, inatema moshi mweusi, halafu PAA! Watoto wa ploti nzima wanaamka wakilia.

Ikizima barabarani ndiyo balaa. Juzi ilinizimikia Jogoo Road. Muuza mayai akasema ni kabureta. Bawabu akasema ni plagi. Makanga anayening'inia mlangoni akanishauri niuze kwa kilo. Na kila anayesimama lazima akaze au alegeze ile skrubu ya sailensi, ya kupanga mngurumo injini ikiwa haijavutwa mafuta. Kichwa chake sasa kimelika kama sabuni ya bafu la ploti.

Jumamosi nikaisukuma hadi Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Fundi mmoja mzee akaichomoa plagi, akainusa, akaniwekea mbele ya macho. Nyeusi tititi, kama tako la sufuria ya kuni.

"Kijana, hii inakunywa kuliko inavyofanya kazi. Nani aliiwekea jeti kubwa hivi?"

Nikageuka nikaangalia mkokoteni uliokuwa ukipita. Ni mimi, mzee. Niliambiwa hicho kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta kikiwa kikubwa kinaongeza nguvu.

"Hapa Nairobi tuko juu, mita 1,700 kwenda mbele. Hewa ni nyepesi. Wewe unazidisha petroli. Unga kidogo, maji sufuria nzima, utasonga ugali gani?"

Akarudisha jeti ndogo, akapuliza vitundu vya kabureta, akasafisha chujio la hewa lililokuwa na vumbi la kupandia sukuma wiki. Tapeti, zile za kusukuma vali, alikataa kuzigusa hadi injini ipoe kabisa, kwa hiyo nilikaa kwenye tairi kuukuu saa nzima nikinunua chai, yake na yangu. Jioni plagi ikatoka na rangi ya hudhurungi, akaiangalia kama bibi harusi.

Sasa inaunguruma kama cherehani. Kiki moja tu.

Jumatatu jioni msimamizi wa ploti akanigongea. Nikajua ni pongezi. Kumbe mama wa chumba namba sita amechelewa kazini, watoto wa namba tisa wamekosa basi la shule, na wote wanauliza ule mlipuko wa saa kumi na moja umeenda wapi.